UZI: Miwani ya VR kufundishia askari wa zimamoto. Inafundisha nini, na nini haiwezi?

Nozeli (mleta mada)

Wadau, salaam.

Kila baada ya moto mkubwa mjini hoja ni zilezile: magari hayatoshi, maji yameisha, zimamoto wamechelewa. Ni hoja za kweli. Lakini kuna jambo halitajwi kabisa, nalo ni mazoezi. Askari anajifunzia wapi kuingia kwenye nyumba inayowaka, na anaipata wapi nafasi ya kukosea bila kufa au kumuua mwenzake?

Mimi nafundisha kikosi cha zimamoto cha kiwandani. Kontena la mazoezi nimekaa ndani yake, na miwani ya VR, ile inayokufunika macho na kukuonyesha moto wa kompyuta, nimevaa. Msimamo wangu nauweka mapema ili mjue nasimama wapi: VR inafundisha jicho na uamuzi vizuri sana. Mwili haiufundishi. Muuzaji akikwambia inachukua nafasi ya moto halisi, mkatalie.

Nianze na hilo kontena, maana bila kulielewa huwezi kupima miwani.

Walioanzisha ni Waswidi miaka ya 1980, akina Krister Giselsson na Mats Rosander, baada ya kupoteza wenzao kwenye moto wa ndani uliobadilika ghafla. Linachukuliwa kontena la mizigo la kawaida, kuta na dari za upande mmoja zinafungwa chipubodi, kisha zinawashwa. Wanafunzi mnachuchumaa upande wa pili, nguo kamili, mtungi wa hewa mgongoni. Moshi unajikusanya darini, halafu mpaka kati ya moshi na hewa safi unaanza kushuka. Ungekuwa umesimama, ungekufika kichwani, kisha kifuani, kisha kiunoni. Baada ya hapo, katikati ya moshi wenyewe, mbali kabisa na mbao zinazowaka, zinachomoza ndimi nyembamba za moto zinazotembea na kupotea. Hapo ndipo mkufunzi anakugusa bega uangalie juu. Kumbe ule moshi nao ni kuni. Joto la darini likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, chumba kizima kinashika kwa mkupuo mmoja. Tunaita flashiova. Aliye ndani wakati huo, hata awe amevaa kila kitu, amebakiwa na sekunde.

Mkufunzi anarusha maji kwa mapigo mafupi ya matone madogo kwenda kwenye moshi, na ule mpaka unarudi juu mbele ya macho yenu. Anawaonyesha pia kwa nini hamwagi ovyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inakuwa takriban lita 1,700, na mvuke huo ukishuka unawababua waliokaa chini.

Ni shule nzuri kuliko zote, ila ina gharama zake. Mwaka 1982 askari wawili walikufa wakiwa mazoezini Boulder, Colorado, na vifo hivyo ndivyo vilivyozaa kanuni ya Marekani ya mazoezi ya moto halisi, NFPA 1403, mwaka 1986. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, yaani mambo yaliyothibitika kusababisha saratani. Mkufunzi anayeingia kontenani mwaka mzima anavuta na kunyonya kwa ngozi kuliko askari wa kawaida. Na huko Australia, jimbo la Victoria, chuo cha zimamoto cha Fiskville kilifungwa mwaka 2015 kwa sababu ardhi na maji yake vilikuwa vimechafuliwa na kemikali za mazoezi, zikiwemo zile za povu la kuzimia mafuta.

Kuna tatizo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Moto wa mazoezi ni mpole kuliko wa nyumbani. Kanuni zinataka uchome mbao na majani makavu, vitu ambavyo moshi wake unajulikana. Nyumbani kwako kuna kochi la sponji, godoro, mapazia ya nailoni, televisheni. Maabara ya UL ya Marekani ilichoma vyumba viwili, kimoja chenye samani za kisasa na kingine chenye samani za zamani za mbao na pamba. Cha kisasa kilifika flashiova kwa dakika 3 na sekunde 40. Cha zamani kilichukua dakika 29 na sekunde 25. Askari aliyezoea moto wa mbao anajenga saa ya kichwani ambayo ni ya uongo.

Na hapa ndipo VR inapoanza kunivutia. Kochi la sponji unaweza kulichoma kwenye miwani asubuhi, mchana na jioni, na hakuna anayekohoa.

Mfumo ninaoufahamu zaidi unaitwa FLAIM, umetoka Chuo Kikuu cha Deakin, Geelong, jimbo lilelile la Victoria. Unavaa miwani pamoja na barakoa ya mtungi, na fulana yenye vipashio vya joto vinavyopanda na kushuka kulingana na ulivyosogelea moto na upande uliougeuzia. Mkononi una nozeli halisi, ule mdomo wa mpira wa maji. Mpira wake umefungwa kwenye mashine inayokuvuta nyuma ukifungua maji. Kwa wasiojua, nozeli inayotoa lita 475 kwa dakika kwa shinikizo la bar 7 inakusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 30, kwa hiyo mashine ile si mapambo. Mkufunzi anaona kwenye skrini unatazama wapi, umetumia maji kiasi gani, na ulichelewa wapi. Vyote vinaingia kwenye masanduku na kupakiwa kwenye gari.

Niulizeni. Nitajibu ninayoyajua.

---

Kijana wa Kodi

Mkuu uzi mzuri sana. Mimi ni programa, natengeneza gemu ndogondogo. Huo moto wa kwenye miwani unahesabiwa kwa fizikia ya kweli au ni uhuishaji tu? Maana kwenye gemu moto ni picha zinazojirudia.

Nozeli

Umegusa penyewe kaka.

Programu ya kuhesabu moto kwa fizikia ipo na ni ya bure. Inaitwa Fire Dynamics Simulator, ya taasisi ya NIST ya Marekani, ilitoka mwaka 2000. Inagawa chumba kuwa vijisanduku vidogo na kukokotoa joto, moshi na mwendo wa hewa katika kila kimoja. Tatizo ni muda, kwani dakika chache za moto zinaweza kuchukua kompyuta masaa au siku. Miwani inahitaji picha makumi kwa sekunde. Kwa hiyo watengenezaji wanafupisha: ama wanahesabu mapema na kuhifadhi matokeo, ama wanatumia kanuni nyepesi zinazokaribia ukweli.

Hatari iko kwenye ufupisho huo. Nimeona programu ambayo ukielekeza maji kwenye ndimi za moto, zinazimika. Kwa kweli ndimi si mahali pa kupiga. Unapooza moshi wa juu ili upite salama, kisha unapiga kile kinachoungua. Mwanafunzi akizima ndimi mara mia kwenye miwani na kupewa alama za juu, umemfundisha kosa, na atalifanya siku ya kazi bila hata kufikiri. Mimi naona hilo ni baya kuliko kutomfundisha kabisa, kwa sababu asiyejua anasita lakini huyu anaingia kwa kujiamini.

Jambo lingine ni mlango. Ukifungua mlango wa chumba kilichokosa hewa, moto unapata pumzi na kukua ndani ya sekunde. Programu ambayo mlango wake ukiufungua hakuna kinachobadilika, usiinunue hata iwe na picha nzuri namna gani. Hilo ndilo jaribio langu la kwanza kila nikionyeshwa mfumo mpya: nafungua mlango, nasubiri, natazama moshi unaenda upande gani.

Mzee wa Kituo

Vijana, nimestaafu zimamoto, nimefanya kazi hii tangu nywele zikiwa nyeusi. Nisikilizeni. Kuna vituo askari wanaazimana buti. Kuna miji gari linafika eneo la tukio halina pa kuongezea maji kwa sababu haidranti, yale mabomba ya maji ya zimamoto, zimejengewa vibanda juu. Leo tunazungumzia miwani? Hela hiyo nunueni mipira na mitungi ya hewa. Askari asiyekuwa na mtungi haingii, na miwani haimwingizi.

Nozeli

Shikamoo mzee. Kwenye mpangilio wa matumizi sina ubishi nawe. Mtungi, barakoa, nguo, maji, kwanza. Kikosi kisicho na mitungi kikinunua fulana ya joto kutoka nje, kitakuwa kimewakosea askari wake.

Lakini naomba tutenganishe mambo mawili. Vifaa kamili vya kuvaa ni ghali. Mazoezi ya uamuzi kwa skrini si ghali, na mara nyingi kwenye vifo vya watu wengi, uamuzi ndio uliochelewa.

Chukua moto wa jengo la Grenfell, London, 14 Juni 2017, uliyoua watu 72. Kikosi kile kilikuwa na magari, maji, mitungi, kila kitu. Simu ya kwanza iliingia saa 6:54 usiku. Wakazi waliendelea kuambiwa wabaki ndani ya nyumba zao mpaka saa 8:47 usiku ndipo agizo likabadilishwa. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, mwaka 2019, ilieleza kwamba makamanda wa kwanza hawakuwa wamefundishwa kutambua kuwa wakati wa kuwatoa watu umefika. Mtu unamfundishaje hilo kwa kontena? Huwezi kuchoma ghorofa 24 kila mwezi.

Huko Uholanzi, mji wa Delft, kuna kampuni ya XVR ambayo mfumo wake ni kompyuta, skrini kubwa na kifimbo cha kuongozea, basi. Kamanda anazunguka jengo kwenye skrini, anasema kwa redio anachokiona, anatoa amri. Mkufunzi nyuma yake anabadilisha hali: upepo umegeuka, mama mmoja amejitokeza dirishani, gari la pili limekwama. Hapo hakuna miwani wala fulana.

Na sisi tunayo yetu yasiyoweza kufanyiwa mazoezi halisi. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta limepinduka, watu wamejaa na madumu, bodaboda zinazunguka, kisha moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kamanda anayefika kabla ya moto kuwaka anasimamisha gari umbali gani? Upande upi wa upepo? Anawaambia nini watu mia mbili wasiotaka kuondoka, na nani anamsaidia, polisi au mwenyekiti wa mtaa? Maswali haya nataka ofisa ayakute skrini mara nyingi kabla hajayakuta barabarani.

Mzee wa Kituo

Marahaba. La makamanda nakubali. Sisi tulijifunza kwa kusimama nyuma ya mkubwa na kutazama. Mkubwa akikosea, na wewe unarithi kosa lake.

Dada Nesi

Naomba kuuliza kuhusu afya. Nimesikia watu wakivaa hiyo miwani wanapata kizunguzungu na kutapika. Na je, joto la fulana linatosha kumwandaa mtu kwa joto la kweli?

Nozeli

Dada, kizunguzungu kipo. Macho yanaona unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, ubongo unavurugika. Mifumo inayokuacha utembee kwa miguu yako ndani ya ukumbi inasumbua kidogo kuliko ile ya kusogea kwa kubonyeza kitufe. Vipindi viwe vifupi, na aliyeanza kutoka jasho baridi avuliwe miwani bila kulazimishwa amalizie.

Joto la fulana ni la kukuambia upande gani ni hatari. Halikupandishi joto la mwili kama kazi ya kweli: mzigo wa kilo 20 na ushei, ngazi, kuburuta mtu mzima, huku nguo zikizuia jasho lisikauke. Marekani, kwa miaka mingi, sababu kubwa ya askari wa zimamoto kufa wakiwa kazini imekuwa moyo kusimama ghafla, si kuungua. Kwa hiyo ngazi za mnara wa mazoezi zitabaki palepale. Baadhi ya wakufunzi wanampandisha mwanafunzi ngazi na mpira begani kwanza, apumue kwa shida, halafu ndipo wanamvalisha miwani. Napenda sana utaratibu huo, maana uamuzi wa mtu aliyetulia na wa mtu aliyechoka ni vitu viwili.

Mrukaji

Niongeze kwa upande wetu wa viwanja vya ndege. Sisi tunabanwa na viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: gari la kwanza linatakiwa liwe limefika popote kwenye njia ya kurukia na kuanza kutoa povu ndani ya dakika tatu, na lengo ni mbili. Zoezi kubwa la dharura la uwanja mzima ni angalau mara moja kila miaka miwili. Katikati hapo unafanya nini? Tuna mfano wa ndege wa chuma unaowashwa kwa gesi. Ni mzuri, ila kila mara ni ndege ileile, milango ileile, moto unatokea palepale. Askari wanaukariri. Kwenye skrini unawabadilishia ndege, upepo, usiku, mvua, bawa limevunjika, mafuta yanatiririka kuelekea kwenye slaidi za kushukia abiria wakati wa dharura. Na povu halimwagiki ardhini, jambo ambalo baada ya habari za hizo kemikali si dogo.

Nozeli

Asante mkuu, hilo la kukariri ni kweli hata kwenye makontena. Mwanafunzi wa mara ya tatu anajua moto uko kona gani kabla mlango haujafunguliwa.

Wa Voi

Hamjambo ndugu zangu. Huku Kenya huduma ya zima moto iko chini ya kaunti, na kaunti zinatofautiana sana. Swali langu: hizi programu zimetengenezewa nyumba za Wazungu. Ukiangalia video zao ni nyumba ya mbao, ghorofa moja, ua mbele, haidranti pale kando ya barabara. Huyo mzima moto wa kwetu anaenda soko la Gikomba, Nairobi. Anaenda kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, mlango mmoja, dirisha lina grili ya chuma, na kila chumba kina mtungi wa gesi. Kumbukeni Embakasi, 1 Februari 2024, ule mlipuko wa gesi. Itamsaidia nini nyumba ya Australia?

Nozeli

Swali hili ningeliweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza.

Kusoma moshi kunafanana popote. Fizikia haijui mpaka. Lakini mengine yote ni ya mahali. Kwetu kuingia kwa dirishani si jambo la kuvunja kioo. Ni kukata nondo, kwa hiyo askari anatakiwa aamue mapema kama mashine ya kukatia inashuka na timu ya kwanza. Paa ni bati juu ya silingibodi, si vigae. Uchochoro haupitishi gari, mpira unavutwa kwa mkono mbali sana na shinikizo linapungua njiani. Soko la Kariakoo lilipoungua 10 Julai 2021, kila aliyelijua eneo lile alijua tatizo la kwanza ni kufika. Na mitungi ya gesi inayopigwa na moto inabidi ipoozwe kutoka mbali, ukiwa nyuma ya kizuizi, na si kukimbiliwa na kubebwa.

Kwa hiyo nasema: tusinunue nyumba za watu. Tununue au tutengeneze zana, nyumba tuziweke wenyewe. Kijana wa Kodi, hapa ndipo mnapohitajika. Mkipima ploti moja ya kweli, korido, milango, grili, mitungi, na kuiingiza kwenye injini ya gemu, mmeshafanya kazi ambayo kampuni ya nje haitaifanya kamwe. Ila mkae na zimamoto na mtu wa fizikia tangu siku ya kwanza, ule mlango ufunguke kikweli.

Kijana wa Kodi

Mkuu hilo linawezekana kabisa. Korido kama ile naijua kwa kulelewa ndani yake. Na AR je? Inaingia wapi?

Nozeli

VR inakufunga macho usione ulipo. AR inakuacha uone ulipo na kuongeza vitu juu yake. Kwa mazoezi, faida yake ni kwamba moto wa picha unatokea kwenye ghala lako mwenyewe, kwenye korido unayofanyia kazi kila siku. Kwa kiwanda kama kwetu hilo ni zuri sana.

Kuna na AR ya kazini. Kampuni ya Qwake ya San Francisco imetengeneza kifaa kinachoitwa C-THRU, kinafungwa kwenye kofia. Kina kamera ya joto, na kompyuta yake inachora mistari kwenye kingo za vitu, ili katikati ya moshi mzito uone umbo la mlango, ngazi, mtu aliyelala. Tahadhari moja: kamera ya joto haioni kupitia kioo, na ukuta unaong'aa unaakisi joto la kitu kingine, hata lako mwenyewe. Askari anayetegemea picha lazima afundishwe hilo, na aendelee kujua kutambaa huku mkono ukiwa ukutani, maana betri huisha.

Wa Voi

Kwa kaunti isiyo na pesa, tuanze na nini? Kitu cha mwezi huu, si cha miaka mitano.

Nozeli

Kamera ya nyuzi 360, ile inayopiga pande zote kwa pamoja. Wakati wa zoezi lolote la kuchoma, iwekwe chini karibu na sakafu ambako joto ni dogo, ndani ya kizuizi cha kuizuia isiungue, pale ambapo askari angekuwa amechuchumaa. Video hiyo inatazamwa kwa simu iliyowekwa kwenye kimiwani cha bei ndogo. Mwanafunzi ageuze kichwa, na aseme kwa sauti kama yuko kwenye redio: moshi una rangi gani, mzito au mwepesi, unatoka kwa kasi gani, mpaka wake uko wapi, hewa inaingilia wapi. Video inasimamishwa kila baada ya sekunde kadhaa na anaulizwa, unaingia au unatoka? Asubuhi moja unapitisha darasa zima, na kila mmoja ameamua mwenyewe badala ya kutazama mgongo wa aliye mbele.

Mzee wa Kituo

Maswali hayo nilikuwa nawauliza makuruta mbele ya jiko la mkaa lililojaa takataka, tena nawawekea muda. Ninayo kwenye daftari, na majibu ambayo hayakubaliki nimeyaandika pembeni. Nikiletewa hiyo video nitakaa na mkufunzi yeyote tuyapange upya.

Nozeli

Mzee, nakuja inbox sasa hivi. Wa Voi na Kijana wa Kodi, nawaomba na nyie mje tuwe kundi moja.